Ndoano ya Saa Kumi na Moja

Karakana ile ilikata mawe, na yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mawe atakwambia kwamba jiwe halina haraka wala huruma. Bamba moja la kutengenezea meza ya jikoni lina uzito wa watu wazima wanne, na likikulalia, hakuna cha kuita daktari. Ndiyo maana juu kule, chini ya bati, kwenye reli mbili, kulikuwa na winchi. Na ndiyo maana mwendesha winchi aliheshimiwa hata na wale ambao hawamheshimu mtu.

Mwendesha winchi mwenyewe alikuwa mwanamke. Wenzake walimwita Dada Winchi, jina la utani lililomganda mpaka hata karani wa mishahara akalizoea. Kabla yake kazi ilikuwa ya baba yake. Baba alikufa nyumbani, kwenye kiti chake, kikombe cha chai bado kina moto mkononi, na binti aliyekuwa msaidizi wake miaka yote ile akaingia mahali pake. Msimamizi hakusema mengi. "Wewe unaijua, shika," basi.

Mzee yule alikuwa na tabia yake moja, na karakana nzima iliijua na kuicheka. Nyumba za wafanyakazi ziko nyuma ya ukuta, na reli za winchi zinatokeza nje ya bati mpaka uwanjani, kwa hiyo mtu akisimama dirishani jikoni kwa mzee anaiona ndoano ikining'inia juu ya ukuta. Kila saa kumi na moja, kazi ikiisha, mzee aliipeleka ndoano mpaka mwisho wa reli akaiinua mara mbili, ya kwanza ndefu, ya pili fupi. Maana yake: weka maji jikoni, mke wangu, naja. Ile ya pili ilikuwa fupi kwa sababu kidole gumba chake kiliwahi kubanwa na bamba na hakikupona sawasawa. Kilitetemeka, na ndoano nayo ikatetemeka kidogo kule juu kabla ya kushuka. "Mzee anatongoza kwa winchi!" vijana walimpigia kelele. Naye alicheka, akatundika kiunoni rimoti ya kuendeshea winchi, akaenda nayo nyumbani, kwa maana hakukubali mtu mwingine aichezee.

Sasa sikiliza. Alasiri moja, mzee akiwa ameshakaa kaburini miezi kadhaa, Dada Winchi alikuwa bombani ananawa vumbi. Rimoti yake, ile mpya aliyopewa baada ya msiba, ilikuwa mezani mbele yake, imezimwa, ufunguo ameuchomoa na kuuweka mfukoni. Pembeni yake alisimama mfunga mizigo, mwanamume mrefu mwembamba ambaye kila mtu alimwita Kamba. Kazi ya Kamba ilikuwa kuzungusha mikanda kwenye mabamba na kuiingiza kwenye ndoano.

"Dada," Kamba alisema taratibu. "Umeigusa hiyo?"

"Nimeigusa na nini, na pua? Huoni nina sabuni usoni?"

"Basi fungua macho."

Akajimwagia maji, akatazama. Ndoano ilikuwa inatembea peke yake kwenye reli, bila haraka, mpaka ikafika mwisho kule uwanjani ikasimama. Ikainuka. Ikashuka. Ikainuka tena, safari hii kidogo tu, ikatetemeka, ikashuka. Kisha ikatulia na hakuna kingine kilichotokea.

Dada Winchi alihisi maji ya bomba yamekuwa barafu shingoni. Aliujua mkono ule. Ameutazama tangu akiwa msichana wa kubeba vikombe, na asingeweza kuukosea, kama vile mtu asivyoweza kukosea kikohozi cha baba yake chumba cha pili.

"Mimi sijaona kitu," Kamba alisema. "Na wewe hujaona. Tukisema, kesho tutakuwa kichekesho cha mji mzima, na kesho kutwa Msimamizi atatufukuza wote wawili."

Wakanyamaza. Na labda wangenyamaza mpaka leo. Ndoano tupu ikiinuka saa ya watu kunawa inamdhuru nani? Walipoanza kuiangalia kwa siri waliiona kila siku, na Kamba alifikia hatua ya kuivulia kofia. Lakini kazi zikaongezeka. Kukaja oda ya hoteli, mabamba kwa mabamba, na Msimamizi akatangaza kwamba kuanzia sasa hakuna kutoka saa kumi na moja. Watu watatoka saa kumi na mbili, na asiyetaka mlango uko wazi.

Siku ya kwanza waliteremsha mzigo kabla ya saa kumi na moja; siku ya pili, kwa haraka ya oda, wakasahau saa, na bamba jeusi lilikuwa hewani, limefungwa mikanda, kimo cha kifua. Dada Winchi alikuwa amelisimamisha ili Kamba aweke magogo chini yake, na mwenyewe ameliwekea kiganja lisizunguke. Vidole vyake havikuwa kwenye vifimbo vya rimoti. Mara bamba likaanza kutembea.

"Dada, we! Simamisha!"

Akabonyeza kitufe chekundu. Winchi ikagutuka, ikasimama, halafu ikaendelea, kama mtu aliyesikia kelele na hakuona sababu yake. Bamba likaelekea uwanjani, likamsukuma kinyumenyume mpaka kwenye rundo la mabamba mengine. Alijitupa chini. Jiwe likapita juu yake, likagonga rundo, likavunjika katikati. Kipande kimoja kikamchana mkono kuanzia kiwiko. Na juu kule ndoano, ikiwa na mikanda inayoning'inia, ikafika mwisho wa reli ikainuka mara mbili. Ya kwanza ndefu. Ya pili fupi.

Kamba aliketi sakafuni akalia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake.

Msimamizi alikuja mbio na hasira zake. Alikuwa mtu wa kufoka, lakini hakuwa mtu mbaya, na alipoona damu sauti ilimshuka. "Umesinzia kwenye vifimbo?"

"Sijavigusa."

"Basi ni nani? Shetani?"

Dada Winchi alijifunga mkono kwa kitambaa. Mkono ulikuwa unamwaka, na lililomuuma zaidi ya mkono ni kwamba alikuwa ameogopa, na aliyemwogopa ni baba yake.

"Namleta fundi," Msimamizi alisema. "Asipopata tatizo, wewe hushiki winchi tena. Sitaki kukuzika kama nilivyomzika mzee."

Fundi alikuja kesho yake. Wenyewe walimwita Fundi Masafa. Mnene, sauti nyembamba, mdomoni pipi isiyokwisha. Alitandaza mezani kompyuta, kijisanduku chenye antena mbili, na waya nyingi zisizo na adabu. Kamba alimuuliza kama angehitaji kuku mweusi. Fundi alimwambia kuku alete tu, lakini wa kuchoma.

"Njoo nikuonyeshe, Dada," alisema. "Watu wanadhani rimoti inapiga kelele 'panda, shuka'. Haiko hivyo. Inatuma namba. Kila mwendo una chaneli yake: chaneli ya kwanza ni kwenda mbele na nyuma kwenye reli, ya pili ni kulia na kushoto, ya tatu ni kupanda na kushuka. Kifimbo kikikaa katikati, namba ni elfu moja mia tano. Kisukume mpaka mwisho, elfu mbili. Kivute chini, elfu moja. Rimoti inazisoma moja moja, inazipanga kwenye mstari, inautuma mstari. Inaanza upya. Kabla hujafumba macho mistari kadhaa imeshafika juu kule."

"Na karakana ya jirani nayo ikiwa na rimoti?"

"Hapo umeuliza. Mbele ya kila mstari kuna anwani, namba ndefu ya rimoti hiyo peke yake. Kile kipokezi kilicho kwenye winchi, siku ya kuoanishwa, kiliambiwa: huyu ndiye bwana wako. Mstari usioanza na anwani hiyo kinautupa. Tena hawakai kwenye masafa mamoja. Wanaruka, sasa hapa, sasa pale, kwa mpangilio wanaoujua wao wawili tu, kama wapenzi wenye mzazi mkali." Akahamisha pipi shavu la pili. "Na mawimbi yakikatika, winchi inasimama palepale ilipo. Ndivyo ilivyofundishwa: ukimpoteza bwana wako, usifanye kitu. Kwa hiyo haina akili ya kujiinua. Ikiinuka, kuna aliyeiambia."

Alitaka kuona rimoti. Akaifungua, akaichungulia, akamgeukia Msimamizi. "Hii si ya zamani. Ya zamani iko wapi?"

"Mzee aliipoteza. Alipofariki haikuonekana."

"Na hii mliioanisha upya?"

Msimamizi akajikuna shingo. "Kuoanisha ni kupanda juu, kuzima umeme, nusu siku hakuna kazi. Muuzaji alininakilia anwani ya zamani kwenye rimoti mpya. Ikafanya kazi palepale."

"Lo! Kwa hiyo winchi yako ina mabwana wawili, na mmoja hujui aliko. Huyu Dada anabonyeza simama, mwenzake anasema twende, na winchi maskini inasikiliza wote wawili."

Dada Winchi aliinamisha uso. Baba yake hakuwahi kupoteza hata kijiko.

Saa kumi na moja ilipokaribia, Fundi Masafa aliagiza kila mtu akae mbali na reli. Alichukua rimoti ya Dada Winchi, akachomoa ufunguo, akachomoa na betri, akaviweka vyote mfukoni kwake. Kisha akaiacha kompyuta isikilize. Kwenye kioo kulikuwa na nguzo za rangi, moja kwa kila chaneli, zote zimelala. Mashine ya kukatia ilikuwa imezimwa, na maji yalidondoka kutoka kwenye msumeno wake tone kwa tone.

Nguzo zikaamka.

"Haya, karibu," Fundi alinong'ona, na bado alikuwa anatabasamu. "Anwani ni ileile. Chaneli ya kwanza inapanda. Huyo, anaipeleka."

Juu yao winchi ikatembea. Nguzo ya tatu ikapanda taratibu mpaka karibu na elfu mbili, ikarudi katikati. Ikapanda tena, ikaishia njiani, na namba zake zikaanza kuchezacheza: elfu moja mia saba na kumi, mia saba na mbili, mia saba na nane, mia saba na tatu.

"Ona," alisema Fundi. "Kidole kinatetemeka. Mtu mzee huyu, au mgonjwa."

Kamba alitoka nje.

Fundi alikuwa ameshachukua antena ndefu ya mkononi, anaizungusha polepole kama anayenusa. Ilipoelekea ukutani kijisanduku kikalia. Akaisogeza kushoto kidogo, kikalia zaidi. "Si mbali kabisa. Nyuma ya ukuta kuna nini?"

"Nyumba," Dada Winchi alisema.

"Ya nani?"

"Yetu."

Fundi alikunja waya zake kwa uangalifu kuliko kawaida. "Dawa ziko mbili," alimwambia mwishoni, kwa sauti ya chini. "Au uitafute rimoti hiyo uniletee, au kesho nakuja kuoanisha upya. Nikishaoanisha, winchi haitasikia anwani ya zamani, hata aite mpaka akauke koo. Lakini kesho hiyo isipite, tafadhali. Jana ilikuwa mkono."

Njiani kwenda nyumbani hasira zilimpanda Dada Winchi, na alizikaribisha, kwa kuwa hasira ni nyepesi kubeba kuliko hofu. Kumbe ni Mama! Mama amekaa na rimoti miezi yote, anaulizwa anasema hajaiona, na kila jioni anaiwasha na kuchezea winchi ili ajidanganye kwamba mumewe anakuja. Na mtoto wake wa pekee yuko chini ya mawe. Alifungua mlango kwa bega.

Mama yake alikuwa jikoni, dirishani. Birika lilikuwa motoni linachemka, na mezani kulikuwa na vikombe vitatu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkono unaendeleaje?"

"Mama, iko wapi rimoti ya Baba?"

Mama hakugeuka mara moja. Alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Nani amekwambia ninayo?"

"Mama!"

"Usinifokee, mimi si Kamba." Lakini alienda chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye shati la mzee, lile la kazini, ambalo hakuwa amelifua. "Wangempa mtu mwingine. Ilikuwa kiunoni kwake alipokufa. Niliivua mimi mwenyewe. Ningewapaje?"

"Na ndiyo unayochezea kila jioni?" Sauti ya Dada Winchi ilikuwa inapasuka sasa. "Unajua jana nilikuwa chini ya bamba? Unajua huu mkono ni wa nini? Nilikwambia nimeanguka, sikuanguka! Utaniua, Mama! Kwa mikono yako mwenyewe utaniua!"

Mama alimtazama, na usoni mwake hamkuwa na hatia. Mlikuwa na mshangao, na polepole ukaingia woga.

"Kuchezea vipi?" aliuliza. "Hii?"

Akaigeuza rimoti. Mahali pa betri palikuwa patupu. Springi zake zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

"Betri zake niliziweka kwenye saa ya ukutani," Mama alisema. "Wiki ya msiba. Saa ilisimama na nyumba ilikuwa imejaa watu."

Dada Winchi alipanda kwenye kiti, akaiteremsha saa ukutani, akazichomoa betri. Akazisukuma ndani ya rimoti, akakwangua kutu kwa ncha ya kisu, akageuza ufunguo. Kitaa cha mbele hakikuwaka. Akageuza tena. Akaigonga. Akasukuma kifimbo mbele na nyuma, na kifimbo kililegea kama jino bovu. Kitu kile kilikuwa kimekufa kabisa, na kwa kutu ile kilikuwa kimekufa zamani.

Alikaa chini. Saa ilikuwa mapajani kwake, imesimama.

"Mimi sifanyi kitu," Mama alisema. "Nasimama hapa tu. Saa kumi na moja inafika, ananisalimia, naweka maji. Nilidhani ni wewe mwanzoni. Nikasema, mwanangu ana moyo mwema. Halafu nikaona ile ya pili." Akanyoosha kidole gumba chake, akakitetemesha kidogo. "Nikajua."

"Na hukuogopa?"

"Nimwogope mume wangu?"

Maji yalikuwa yanachemka na hakuna aliyeyaepua. Mama alivuta kiti, akaushika ule mkono wenye bendeji, akaupapasa kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

"Hii ni yeye?"

"Ndiyo, Mama."

"Hajui," Mama alisema haraka. "Wewe unajua asingeweza. Yeye anajua kazi inaisha saa kumi na moja. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hizi mnachelewa."

Maneno hayo yalimwingia Dada Winchi kuliko kutu, kuliko nguzo za kompyuta, kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Mzee alikuwa mtu wa saa. Angekuwa hai angesema hivyohivyo: mbona hamkuniambia? Akamweleza Mama alichosema Fundi, yote, hata lile la kuita mpaka kukauka koo.

Mama alitazama dirishani. "Ukimfungia," alisema, "sitamwona tena."

"Najua."

"Na usipomfungia, sitakuona wewe." Akaachia mkono wa binti yake na kusimama, akaepua birika. "Mfungie, mwanangu. Wewe ndiye niliyebaki nawe. Mfungie kabla sijabadilisha maneno."

Asubuhi umeme ulizimwa na Dada Winchi akapanda ngazi mwenyewe. Fundi Masafa alikuwa chini, akimpigia kelele afanye nini. Dada Winchi alimwambia kwamba amekuta rimoti ya zamani ni mfu, haina betri, ina kutu. Fundi aliacha kutafuna pipi. "Basi iko nyingine," alisema. "Lazima iko nyingine." Hakumtazama alipokuwa akisema.

Juu kulikuwa na joto na harufu ya grisi. Alifungua kisanduku cha kipokezi. Kitufe cha kuoanishia kilikuwa kidogo, ungedhani cha shati.

"Bonyeza na ushikilie, umeme ukirudi!" Fundi alipiga kelele. "Kitaa kikimeta haraka, kimemsahau wa zamani! Hapo nawasha hii, nimeipa anwani mpya!"

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Alijiona mjinga, lakini alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba cha pili: "Baba, siku hizi tunatoka saa kumi na mbili. Nisamehe sana." Akabonyeza. Umeme ukarudi, kitaa kikameta, kikameta, kikameta, kisha kikatulia. Winchi ilikuwa imepata bwana mpya, na rimoti mpya ilijibu kila kifimbo bila kusita. Msimamizi akapiga makofi. Kazi ikaendelea.

Fundi angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alitafuta visingizio, mara kukaza skrubu, mara kuangalia fyuzi, mpaka saa kumi na moja ikamkuta ameketi mbele ya kompyuta yake. Dada Winchi aliteremsha mzigo aliokuwa nao, akauweka chini salama, akaenda kusimama nyuma yake.

Nguzo zikaamka. Anwani ya zamani.

Chaneli ya kwanza ikapanda. Juu yao winchi haikutikisika. Chaneli ya tatu ikapanda, ikashuka, ikapanda fupi, ikatetemeka. Ndoano ikaning'inia tu, imetulia kabisa.

"Imefanya kazi," Fundi alisema. "Haimsikii."

Nguzo zikalala. Walishusha pumzi. Lakini zikaamka tena, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, kwa maana mzee alikuwa akisalimia mara moja na kuondoka. Ndefu, fupi. Zikalala. Zikaamka. Ndefu, fupi. Sasa haraka zaidi. Ndefu, fupi, ndefu, fupi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe na kusikia watu ndani wasiomfungulia. Nguzo ya tatu ilitetemeka mpaka namba hazikusomeka.

"Izime," Kamba alisema kutoka nyuma. "Fundi, nakuomba, izime hiyo kompyuta."

"Nikiizima ataacha?" Fundi aliuliza.

Dada Winchi alikuwa analia na hakujali nani anamwona. Akatundika rimoti mpya kiunoni. Akaipeleka ndoano mpaka mwisho wa reli, juu ya ukuta, mahali dirisha la jikoni linapoiona. Akaiinua kwa mwendo mrefu. Akaishusha. Akaiinua tena kidogo tu, akajitahidi kidole chake kitetemeke, akaishusha.

Kwenye kioo, katikati ya mwito, nguzo zikasita. Kisha moja baada ya nyingine zikarudi katikati, elfu moja mia tano, elfu moja mia tano, elfu moja mia tano. Zikakaa hapo kitambo, mkono umetulia kwenye vifimbo. Zikazimika.

Alipofika nyumbani giza lilikuwa linaingia. Mama alikuwa kwenye kiti dirishani. Jikoni hapakuwa na moto, birika lilikuwa limefunikwa, na mezani palikuwa na vikombe viwili.

"Nimeona," Mama alisema. "Asante, mwanangu. Lakini ulikuwa wewe."

"Umejuaje?"

"Kidole chako gumba kizima." Alitabasamu kidogo. "Na uendelee kuwa mzima. Kwa hiyo yeye basi tena."

Dada Winchi alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Angeweza kusema ndiyo, na jambo lingeishia hapo. Lakini hakuwahi kumdanganya mama yake ila mara moja, juu ya ule mkono, na aliona lilikompeleka.

"Aliita, Mama. Winchi haikumsikia. Akaita tena na tena. Nikamwitikia mimi, ndipo akanyamaza."

Mama alikaa akiyageuza maneno yale, midomo ikicheza. Kisha akainuka, akawasha jiko, akaweka birika. Akafungua kabati akatoa kikombe cha tatu, akakifuta kwa ncha ya nguo, akakiweka mahali pake.

"Siku zote alikuwa akiona ndoano imepanda, anajua nimeshaambiwa," alisema. "Leo, kwa mara ya kwanza, ameita akajibiwa."

"Mama, maana yake nini?"

"Si unajua maana yake? Alikuwa akisema nini kila siku?"

Dada Winchi alijua: weka maji, naja. Karakana nzima ilijua. Alibaki mlangoni mpaka mama yake alipomvutia kiti karibu na chake. Wakakaa bega kwa bega. Maji yakaanza kuimba ndani ya birika, nje kwenye changarawe kulikuwa kimya, na mlango ulikuwa umebaki wazi, na hakuna kati yao aliyeinuka kwenda kuufunga.